Phelix Otiende Anakabidhi Mjeledi

Jumamosi hii, tarehe 30 Julai 1938, Bwana Phelix Otiende, mwendesha maksai wa shamba letu, atakabidhi mjeledi wake baada ya utumishi wa miaka kumi na minane. Kwa desturi ya shamba, nyumba ya laini, yaani ya safu ya nyumba za wafanyakazi, ni ya mtu aliye kazini. Kwa hiyo jua la siku hiyo likizama, yeye na mkewe, Bibi Syprose Akeyo, ambaye sote twamwita Mama Odera, watakuwa wamekwisha kuihama. Watahamia wapi, jambo hilo halikujulikana hadi Jumatano jioni. Ndiyo sababu maneno haya yamewafikia wapangaji wa sherehe kwa kuchelewa, nami nawaomba radhi.

Niliyepewa heshima ya kuyaandika ni mimi, Zacheus Thuo, seremala wa masanduku ya chai, jirani yake wa ukuta mmoja. Sikupata bahati ya kuketi darasani. Kalamu nimejifunza kwa kuwaandikia wenzangu maombi yao kwa wakubwa, nami hujitahidi neno likae mahali pake. Yote nitakayoyataja, wahusika wameniruhusu kuyataja.

Bwana Otiende alifika nchi hii ya Kericho mwaka 1920 akitokea upande wa ziwani, akaajiriwa na Mzungu mmoja mkulima wa kitani. Bei ya kitani ikaanguka. Mzungu akafunga nyumba, akaenda zake, akaacha maksai zizini. Hakuna aliyemwamuru Otiende abaki, lakini alibaki. Aliwachunga, akawanywesha, akawatoa kupe kwa mkono, hata wenye chai walipokuja wakakuta maksai wanono na mtu mmoja mwembamba. Waliwanunua maksai. Yeye, kama apendavyo kusema, alifuata nyuma kama kamba inavyomfuata ng'ombe aliyeuzwa.

Mwaka 1926 ndiye aliyelileta boila la kiwanda, lile tangi la chuma la mvuke, kutoka stesheni ya Fort Ternan. Mvua ilikuwa haijui kukoma, magurudumu yalizama hadi kwenye ekseli, na minyororo ilikatika mara nyingi kuliko mtu awezavyo kukumbuka. Njiani kina mama waliotoka sokoni walisimama wakamuuliza chombo kile kikubwa ni cha kupikia nini. Akawajibu kwa adabu kamili, "Ni sufuria ya chai ya Bwana. Ana kiu sana." Yasemekana kwa wiki nyingi watu walipita kiwandani ili wamwone Bwana huyo.

Gari lake halikupata kupinduka. Maksai mwenye nguvu kuliko wote hakumfunga mbele, anakoonekana na watu, bali nyuma kabisa karibu na mzigo, kwa maana kwenye mteremko huyo ndiye anayeuzuia. Lawama aliyopata kwa wakubwa ni moja tu, kwamba huchelewa kidogo kwenye barabara ya chini. Alipoulizwa alijibu kwamba maksai wanapumzika, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi, waliacha kumuuliza.

Sasa sina budi kuutaja mwaka 1929. Katika homa kubwa ya mwaka huo, mwana wao wa pekee, Odera, alifariki dunia hapa katika laini. Amri ya kuzuia homa ilikataza mtu yeyote kuvuka mipaka ya shamba, awe mzima au awe maiti. Mtoto akazikwa hapa hapa, katika ardhi ambayo siyo ya babu zake, na kwa Wajaluo hilo ni jeraha juu ya jeraha. Habari zilipofika nyumbani kwao, matanga yalikuwa yamekwisha.

Mwaka uliofuata aliitwa ofisini, akapewa nafasi ya unyapara katika shamba la pili, upande wa Ndanai, pamoja na nyumba ya mabati na koti la kazi. Alishukuru, akakataa, wala hakutoa sababu. Nafasi ile alipewa Bwana Mokaya, mchapakazi ambaye simwonei kijicho, kwa maana alichokipata amekitolea jasho. Bwana Mokaya alipokuja kututembelea juu ya baiskeli mpya, alimpata Otiende akipaka nira mafuta, akamwambia mbele ya watu, "Otiende, ng'ombe wako wote wamezeeka. Wewe tu ndiye umebaki ndama."

Otiende akamjibu bila kuinua macho, "Ndama ana mama, Mokaya. Wewe una baiskeli."

Tulicheka wote, Mokaya pia. Tangu siku ile tulimpa sifa ya mtu aliyeridhika. Aliyekosa kupandishwa cheo alitiwa moyo kwa jina lake: mtazame Otiende, hana kitu na hanung'uniki. Nilimtaja hata katika maombi mawili matatu, kuwa mfano wa mtumishi mtulivu. Neno hilo tulimvika kama koti lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na kwa kuwa hakulivua, tukadhani linamkaa.

Jumatatu ya wiki hii alifika ndugu yake mkubwa, Mzee Okello, kwa gari moshi na kisha kwa miguu. Hapa yanibidi kueleza desturi, kwa ajili ya wenzetu wasioijua. Mjaluo hajengi boma lake kwa kujiendea tu kama mtu anayetafuta pa kulala. Baba akiwa hayupo, ndugu mkubwa hutangulia alfajiri hadi kiwanjani, na mwenye boma humfuata pamoja na mkewe, na mwana wao wa kwanza hubeba shoka. Asipopatikana wa kutangulia, hakuna boma. Na mwanamke asiye na boma, siku akifa, huzikwa nyuma ya nyumba ya watu kama mgeni aliyepita njia. Otiende hakuwahi kujenga, na mwana wa kubeba shoka hanaye. Yote yalikuwa mikononi mwa Mzee Okello.

Jioni ile niliitwa niwe shahidi. Mzee Okello alizungumza Kiswahili kwa makusudi, ili jirani asikie. Aliketi kwenye kigoda akazungusha macho kutoka ukuta hadi ukuta.

"Miaka kumi na minane," alisema. "Hebu nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, ndugu yangu?"

"Chochote. Baiskeli. Cherehani ya mke wako. Hata bati moja, nilipige watu wasikie kwamba umerudi."

"Chai ipo. Kunywa kabla haijapoa."

"Chai ya watu," alisema Mzee Okello, lakini akanywa.

Mimi nilikuwa nimepanga hoja zangu tangu asubuhi, nikasimama. "Mzee Okello, kwa heshima na taadhima, naomba kuwasilisha mbele yako mambo yafuatayo."

"Fundi," alinikatiza, "ukitaka kuniandikia barua, ngoja nifike nyumbani. Hapa nimekaa mbele yako."

Mama Odera alicheka, na hicho ndicho kicheko pekee kilichosikika jioni ile. Nikaketi.

Mzee Okello akaendelea. "Watoto wa ukoo waliozaliwa baada yake wamejenga. Nikimtangulia huyu, watu wataniuliza alikuwa wapi. Niseme nini? Niseme alikuwa akitembeza ng'ombe wa wengine? Mimi sitamtangulia mtu aliyerudi mikono mitupu."

Aliyejibu ni mkewe. "Shemeji, basi niambie mimi nitazikwa wapi."

Mzee Okello alitazama mlango mpaka chai iliyobaki ikapoa.

Jumanne Mama Odera alikuja karakanani, akasimama kando ya masanduku. "Fundi, wasema unaandika. Umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba mumeo ni mtu aliyeridhika."

"Andika kwamba mimi sikuridhika," alisema. "Nimekaa katika nyumba ya chumba kimoja nikingoja ya kwangu mpaka nywele zimegeuka. Iandike hiyo. Na yeye, kwani ulimuuliza?"

Nimeiandika. Na kwa kuwa ni kweli sikuwahi kumuuliza, nilikwenda zizini. Otiende alikuwa akimkagua maksai kwato. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kuridhika ni neno lenu, Fundi. Mimi nilikuwa na mahali pa kupita." Sikuelewa, naye akarudi kwenye kwato.

Jumatano ilikuwa safari yake ya mwisho. Kuanzia juma lijalo mzigo utachukuliwa na lori. Nilipanda juu ya masanduku kwa sababu vifuniko kadhaa vilihitaji misumari, na Mzee Okello akafuata kwa miguu kando ya gari, kwa maana hata akiwa na hasira, mtu wa kwao hawezi kuwaacha ng'ombe wazuri wakapita peke yao. Ndugu hawa wawili walikuwa hawajasemezana tangu Jumatatu. Tulishuka mteremko wa kiwanda, tukaingia barabara ya chini, na hapo katikati ya tambarare, pasipo amri ya mtu, maksai wote wakasimama.

Kuanzia hapo walisema kwa lugha yao, ambayo ujirani wa miaka mingi umenifundisha.

"Wamesimama," alisema Mzee Okello. "Wapige."

Otiende hakuinua mjeledi.

"Hapa hakuna kilima wala maji. Ng'ombe hawa wana ugonjwa gani?"

"Hawana ugonjwa. Hapa husimama."

"Nani aliwafundisha?"

Otiende alinyoosha kidevu upande wa chai. Baina ya mistari palikuwa na nafasi kama upana wa mkeka, haikupandwa kitu, imezungushiwa mawe, na nyasi zake zimekatwa. Nimepita barabara ile mara nyingi, na nilidhani ni pengo la wapandaji.

"Odera," alisema.

Mzee Okello aliingia kati ya michai, umande ukamlowesha hadi magotini. Alisimama pale akitupa kisogo. Maksai walicheua. Nilikuwa na nyundo mkononi na sikuthubutu kupiga msumari.

Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ulipita hapa miaka hii yote?"

"Kila safari. Barabara ya Ndanai haipiti hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unauliza mabati."

Mzee Okello alifuta uso kwa kofia yake. "Nyumbani tulisema umemtupa mtoto katika nchi ya watu, ukabaki kula mshahara. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Nikaona angalau uje na mabati, nipate kitu cha kuwafunga watu midomo." Akawageukia maksai, akauliza, "Na sasa husimama kwa muda gani hawa?"

"Mpaka niwaambie twende."

"Basi waambie."

Tukaenda. Hakutoa ahadi yoyote pale barabarani, wala Otiende hakumwomba. Mzigo ukashushwa, tukarudi, na njia nzima nilihesabu moyoni kwamba zimebaki siku tatu tu, na watu hawa hawana pa kulaza vichwa.

Sipendi wasomaji wakaondoka na fundisho ambalo mimi mwenyewe silishiki. Sisemi kwamba kukosa mali ni fadhila. Nataka duka langu Kedowa, lenye rafu nilizozichonga mwenyewe, na Mungu akinijalia nitalipata, nami nitaweka paa la bati lionekane kutoka mbali. Wala sisemi kwamba Bwana Otiende alitenda sawa kwa kila mtu. Alichokilinda kilikuwa chake na cha Mama Odera pia, lakini gharama alilipa zaidi mama, naye hakuulizwa. Ninalolisema ni dogo zaidi. Sisi tuliokuwa tukimtazama kutoka barabarani, wengine tulisema ameshindwa, wengine tulisema ameridhika, na wote tuliona raha kuwa na jibu. Mtu aliyekuwa akiumia hatua chache kutoka kwetu tukamgeuza mfano wa utulivu. Nadhani jamii hupenda kusifu kuridhika kwa mwingine kwa sababu sifa hiyo haimlazimu mtu kumtembelea.

Jioni ya Jumatano, nikiwa nje nanoa patasi, Mzee Okello alipita mbele yangu akasimama kwenye mlango wa jirani. Hakuingia. Alimwita shemeji yake kwa jina la mtoto, jambo ambalo hakulifanya tangu alipofika.

"Mama Odera. Funga vitu. Jumatatu alfajiri nitawatangulia."

Mama Odera alitoka na mwiko mkononi. "Kwa paa gani?"

"Nyasi zipo. Babu yangu alilala chini ya nyasi na hakuna mvua iliyomuua."

"Na shoka? Litabebwa na nani?"

Mzee Okello ana mvi kichwa kizima, na kwa desturi yao si kazi ya mzee wa rika lake. Alitazama chini kidogo.

"Shoka nitalibeba mimi," alisema.

Bwana Otiende, kwa niaba ya watu wa kiwanda, wa zizi na wa laini, nakushukuru kwa kila mzigo uliofika salama. Bwana Meneja amekubali kwa maandishi kwamba nafasi ile ya barabara ya chini haitapandwa chai, na kuipalilia nimejitwika mimi. Jumatatu kengele ya kazi itakapolia, tutajua kwamba nanyi mko njiani, mkimfuata ndugu yenu kwenye umande. Bibi Akeyo, Mama Odera, mlango wa nyumba hiyo ukawe wako, na moshi wa jioni usikose juu yake. Nendeni salama, mkajenge.