Jaji na Muuaji wa Kitabuni

Mie Mmanga ndo muuza kahawa wa baraza hii ya Malindi, na kelele za hawa watu nshazizoea. Lakini wiki hii zimezidi, wallahi! Kila baada ya alasiri Haroub Miwani anatusomea kitabu cha mpelelezi mmoja asiyetoka ndani, kazi yake kukaa na kufikiri, msaidizi wake ndo anazunguka mji kumtafutia habari. Leo imebaki sura ya mwisho. Mjaka, tunayemwita Jaji, kaapa mbele yetu kuwa muuaji ni yule msaidizi. Akikosea, anahama pembe yake ya kivulini aliyoikalia miaka ishirini, anakwenda kukaa juani.

— Msaidizi ndiye, Jaji akasema. Anaingia kila nyumba, anajua kila mlango.

— Wacha we! Kurwa Redio akadakia. Mpishi! Mtu anapika mara nne kwa siku, hasira atazikosa?

— Kisu cha mpishi kibutu, Jaji akamjibu, sura ya tano imesema.

— Basi kasukuma.

— Wapi?

— Ngazini!

— Nyie mnacheza, Haroub akasema. Mpelelezi mwenyewe ndiye. Mbona hatoki?

— Toba! Kurwa akasema. Hata uani hafiki, ataua vipi?

— Kwa simu. Kampigia, kamsema wee mpaka roho ikatoka. Mke wangu hunijaribu kila siku, basi tu mie mgumu.

Tulicheka mpaka kahawa ikanimwagikia mguuni. Jaji hakucheka. Alinishika mkono.

— Mmanga, juani mie siwezi. Kichwa changu unakijua, jua kidogo tu kinauma.

Nikamwonea huruma, maskini.

Hapo akapita Salhiya, mwalimu aliyehamia wiki iliyopita ghorofa ya juu yetu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Wiki nzima nnakusikieni dirishani. Nna suala moja tu. Aliyeuliwa nani?

Jaji akamtazama Kurwa, Kurwa akamtazama Haroub.

— Marehemu, Kurwa akasema.

— Marehemu nani?

Haroub akafunua kitabu mwanzo. Kinaanzia ukurasa wa kumi na tisa.

— Siku ya kwanza nlikuulizeni! Nlisema kurasa za mbele zishachanika, mnajua kilivyoanza? Mkanambia, tunajua, soma!

— Na wewe je? Kurwa akamuuliza.

— Ningesema sijui, mbele yenu nyinyi?

Salhiya akajishika mbavu kwa kicheko. Jaji akanyoosha miguu, akaegemea ukuta, uso umemkunjuka.

— Mmanga, ntilie kahawa. Maiti hatumjui, muuaji wa nani? Kesi nshaifuta.