Punje Nne za Silvano

Chaka. Chaka. Chaka.

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijataja jina la mtu, sikilizeni tena. Chaka, chaka. Hizo ni punje za mahindi. Ziko nne, ndani ya kopo dogo la dawa, na kopo nimelishika hapa studio. Kwa mwaka mzima mlio huu ulimtangulia mwenyewe. Ulikuwa unausikia mlangoni kwanza, ndipo unamwona Silvano.

Leo tunamkumbuka Silvano, mpishi wa shule ya sekondari kule Kongwa. Amefariki akiwa na miaka arobaini na minne. Ameacha mke, Priska, na binti mmoja, Jenifa. Jenifa yuko hapa, amekaa mbele yangu. Ana miaka kumi na mitano. Siku ya arobaini ya baba yake aliniuliza swali, nikashindwa kumjibu. Nimemwomba aje nimjibu hapa, mkisikia nyote, kwa sababu kosa lenyewe nililifanyia hapa.

Silvano alianza mwaka jana mwezi wa kumi. Muuguzi alimpima presha, akamwambia kwa mwendo huo hatamwona binti yake akimaliza shule. Akarudi stoo ya shule, akapanda kwenye mizani ya kupimia magunia ya maharage. Kilo mia moja na kumi na saba. Jioni hiyo alinunua daftari la mistari, akaandika kila alichokula. Ninalo hapa. Ukurasa wa kwanza unasema: "Ugali wa uwele, matonge kama thelathini hivi. Mlenda. Nimeonja maharage ya wanafunzi, vijiko vinne." Mpishi haachi kuonja, ndugu zangu. Lakini alikuwa anaandika hata kuonja.

Shida ilikuwa sinia. Nyumbani kwao wanakula pamoja, mikono yote kwenye ugali mmoja. Utajuaje umekula kiasi gani? Silvano akajaza punje za mahindi mfuko wa kulia. Kila tonge, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Zikiisha, ananawa. Priska anasema kaka yake Silvano, Stanley, alicheka mpaka akapaliwa. Akamwambia, "Wenzako tunakula, wewe unapanda mahindi mfukoni."

Alipoanza kukimbia, punje zikawa kilomita. Kilomita moja, punje moja, kulia kwenda kushoto. Mwezi wa tatu alikimbia kilomita tano hapa mjini. Akawa wa mwisho, gari la wagonjwa likimfuata taratibu nyuma. Mwezi wa saba akakimbia kumi, akawaacha watu kumi na wawili. Mizani ya magunia ikasoma themanini na tisa. Kilo themanini na tisa, wasikilizaji, kutoka mia na kumi na saba.

Mengi ya hayo mnayajua, kwa sababu kila Jumamosi asubuhi alipiga simu kwenye kipindi changu cha michezo, akawasomea daftari. Na mimi nikamtungia mashairi.

Mimi Thobias sikufundishwa ushairi na mtu. Nilijifunza mwenyewe kule Tabora, nikihesabu mizani kwa vidole, na ninajivunia hilo. Mimi ni Mnyamwezi, Silvano Mgogo. Sisi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo nilikuwa na ruhusa. Siku aliyohudhuria harusi kule Haneti na kula matonge arobaini na moja, nilimtungia beti sita. Mlicheka. Mlinitumia ujumbe mpaka simu ikajaa. Naye alicheka, akasema, "Umenichapa, mtani." Wiki iliyofuata alikula matonge kumi kwa mlo.

Niliona nimemsaidia. Kila alipopungua kilo, nilihesabu na mimi kama yangu.

Sasa nafika kwenye swali.

Mbio za kilomita ishirini na moja zilikuwa Jumapili. Silvano alikimbia akiwa na homa. Alianguka baada ya kilomita kumi na saba, si mbali na mtaa wa Area D hapa mjini. Alifariki hospitali jioni ile. Daktari aliieleza familia kwamba ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye moyo, na kwamba mwenye homa hatakiwi kukimbia hata hatua mia. Mfuko wa kushoto ulikuwa na punje kumi na saba. Wa kulia ulikuwa na nne.

Nyumbani Silvano alikuwa amesema ni mafua tu. Priska amelia mara mbili, ya kwanza kwa msiba, ya pili kwa hasira. Aliniambia, "Alitufichia, mtani. Angesema ukweli ningefunga mlango na ufunguo ningeukalia." Na Jenifa amekaa siku arobaini akimhesabu baba yake kuwa muongo.

Kisha Jenifa akaifungua simu ya baba yake. Alhamisi, siku tatu kabla ya mbio, kuna simu ya dakika nne. Jina limeandikwa "Mtani Redio". Akanifuata pale nje kwenye majamvi, akaniamkia vizuri, shikamoo, kisha akaniuliza, "Baba alikwambia anaumwa?"

Ndiyo, Jenifa. Aliniambia.

Alisema, "Mtani, mwili una moto tangu juzi. Nikikosa Jumapili utanisema vibaya?" Maneno hayo hayo. Alikuwa anaomba ruhusa, na alikuja kuniomba mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Nikamjibu kwamba nitamsema mpaka Manyoni wasikie. Alicheka kidogo. Kisha kimya. Kisha akasema, "Haya." Dakika zilizobaki nilimweleza jinsi wasikilizaji wanavyomsubiri.

Jumamosi hakupiga simu. Mimi nikasoma ubeti huu. Nausoma tena leo kwa mara ya mwisho, ili mjue nyote ni nini hasa mlichokicheka:

Mgogo amejificha, mbio zamtia homa,
Daftari kaliacha, raba kaziweka nyuma,
Jumapili kukikucha, tutamwona kasimama,
Mpishi rudi jikoni, mbio ni za wanaume.

Mmesikia neno "homa"? Nyinyi mlidhani natania. Mimi nilijua. Nililichukua neno lake la kweli nikalitafutia kina. Na nakumbuka nilivyofurahi lilipokaa vizuri.

Silvano aliusikia ubeti huo jikoni, redio ikiwa juu ya gunia. Wanafunzi waliokuja kuchukua uji walicheka. Jumapili akaamka, akafunga kamba za raba.

Siku ya mazishi, Stanley alinishika bega. Mtani ndiye anayechangamsha msiba, mnajua. Akaniambia, "Mbona kimya? Mchokoze kidogo aende vizuri." Nikatikisa kichwa. Watu wakasema, jamani, Mnyamwezi huyu alimpenda. Nikawaacha waamini hivyo. Siku arobaini nimekula heshima ile, na sikuwa na punje ya kuhesabia.

Kwa hiyo mama Jenifa, najua unasikiliza huko Kongwa. Pole sana, mama. Pole kaka Stanley, poleni wapishi wenzake na wanafunzi wote. Silvano hakuficha kwa kiburi. Alikuwa ametafuta mtu mmoja wa kumwambia apumzike, na mtu huyo akamwambia kimbia. Hasira zako, mama, zina haki. Zilete kwangu. Nikija mkanifukuza uani, nitaondoka kimya.

Na nyinyi wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mna daftari sasa. Mnaniandikia, mnahesabu matonge, mnakimbia asubuhi kabla ya jua. Endeleeni. Daftari halikumuua Silvano, wala mbio hazikumuua. Lakini kila mmoja wetu akumbuke leo ni nani anayesubiri neno lake. Ukimtania mtu akacheka, subiri kidogo. Msikilize anavyonyamaza baada ya kicheko. Mimi nilisikia kimya kile, nikaendelea kuongea.

Jenifa ameniambia kabla hatujaingia hewani kwamba amejiandikisha kilomita tano za mwezi wa tatu. Amezivaa raba za baba yake na soksi mbili ili zimkae. Punje tano tayari ziko mfukoni. Hizi nne ananiomba nikae nazo. Nilitaka kukataa. Akaniambia, "Kaa nazo, mtani, usikie zinavyolia."

Nitakaa nazo. Na niangalie, Jenifa, wasikilizaji wawe mashahidi. Siku utakayonipigia ukaniambia mwili una moto, au miguu imekataa, au hutaki tu, sitakutungia kitu. Nitakwambia kaa chini, mwanangu, pumzika, na sitakata simu mpaka nisikie umekaa.