Mama Giza na Ule Mng'ao wa Buluu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, fundi mkuu wa maabara yetu ya fuwele anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye faili. Sisi tunamwita Mama Giza, na ukimwita vingine huenda asigeuke.

Tunamulika fuwele kwa mwanga usioonekana kwa macho, kisha tunapima rangi ambazo fuwele yenyewe inatoa, tujue ndani yake mna nini. Kazi hiyo inataka giza totoro, na mlinzi wa giza ni yeye. Mkuu wa idara aliwahi kuingia na simu inayowaka mfukoni. Alitolewa nje mkuku, akaambiwa akaizime ndipo arudi. Akarudi, tena na adabu zake zote.

Kuna mwaka mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliona mng'ao wa buluu usioandikwa popote. Ilikuwa furaha isiyo kifani! Makala ikaandikwa, ikabaki kutumwa tu. Mama Giza peke yake hakutulia, maana kila fuwele ilitoa buluu ileile. Akapima kishikio cha kuwekea fuwele kikiwa kitupu: buluu. Akamulika kitambaa chake cha kufutia vifaa, nacho kikang'aa buluu. Kumbe vitambaa alikuwa akivifua nyumbani kwa sabuni ya unga ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo hutoa buluu ikimulikwa kwa mwanga kama wetu, kwa kupenda usafi.

Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Asubuhi alisimama mbele yetu sote, kitambaa mkononi.

“Hiyo buluu ni sabuni yangu. Msitume.”

Vipimo vya miaka miwili vikawa bure. Mama Giza aliosha fuwele moja moja kwa spiriti, miezi saba, bila kuagizwa na mtu. Buluu ilipotoweka, tuliona mstari mwekundu mwembamba ambao tulikuwa tumeupuuza. Huo ndio uliompa mwanafunzi yule shahada yake.

Mwanafunzi yule ni mimi. Wiki ile ya kwanza nilimnunia. Kila asubuhi aliniuliza, hujambo mwanangu, nami nikapita kimya, siku tano mfululizo. Hakuacha kuniuliza, wala jambo hilo hatukulizungumza kamwe. Nimeona haya miaka yote hii.

Ahsante kwa kila kitu. Ustaafu wako uwe wa afya, raha na wajukuu wasiokuachia nafasi. Na zile salamu tano naziitikia leo, mbele ya wote: sijambo, Mama. Shikamoo.