Pikapu Itakayombeba Mzee

Benchi yetu ya mtaa wa Mountain View iko kando ya meza ya kahawa ya Nzula, mbao mbili juu ya matofali, na mimi kwa kawaida hupita tu nikisalimia, lakini siku hiyo nilikaa hapo tangu saa nane mchana na Awiti wangu mapajani, kwa sababu pikapu ya baba mkwe ilikuwa mbele yetu inanuka petroli, na kesho yake asubuhi ndiyo ilikuwa imbebe Mzee Zedekiah mwenyewe kutoka mochari hadi nyumbani Ugenya. Aliomba hivyo akiwa kitandani, apelekwe na gari yake, na Okinyi mume wangu akamshika mkono akakubali. Mimi na mtoto tulipangiwa kiti cha mbele maana Awiti bado ananyonya, safari ya siku nzima, na usiku uliotangulia sikulala, nikifunga macho naona moto.

Okinyi ni fundi wa kupaka rangi nyumba, si wa magari, lakini hakutaka mtu mwingine aiguse. Alikuwa ameinama ndani ya boneti akitoa ile mipira ya zamani inayopitisha petroli, imekauka imepasuka kama visigino, anaweka mipya niliyomnunulia mjini, Kirinyaga Road, kwa urefu alioupima yeye. Nilikuwa nimemsumbua hadi akafungua waya wa betri kwanza. Halafu nikamwomba Nzula asogeze jiko lake, akalisogeza mpaka ng'ambo ya njia akinung'unika kwamba wateja wake hawajazoea kahawa ya kutumiwa kwa posta.

Kinyanjui, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kuwa bawabu kwa injinia, akasema naogopa bure.

— Petroli ya siku hizi ni nyepesi, Mama Awiti. Hata ikiwa kwa chupa na umefunga, utainusa tu.

Fidel, ambaye benchi inamwita Kamishna, akamwambia hajui kitu.

— Hii gari inalia. Imejua mwenyewe ameenda.

— Gari ilie na nini, wewe?

— Na hayo matone unaona hapo chini ni ya nini? Ngojea ivuke Busia Road ione nyumbani, itanyamaza.

Injinia akasema kama ni hivyo basi gari yake ya kwanza ingekuwa imejaza bwawa, na Nzula akamuuliza gari gani, ile ya mkono yenye gurudumu moja? Wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, halafu nikaona aibu, maana Okinyi hakuwa anacheka.

Kamishna akatoa wazo lingine, kwamba mipira niliyonunua ni mizito bure, pale wanapoosha magari kuna mpira mwangavu wa maji, unaona petroli ikipita kama soda kwenye mrija. Nikamweleza haraka haraka, hata pumzi ikanipotea, kwamba mwenye duka alinionya, mpira wa maji ukipata petroli unalainika, unavimba, unachomoka, na hata ule wa petroli usifungwe kwa waya, ufungwe kwa klipu za kukaza kwa bisibisi. Kamishna akasema mwenye duka lazima aseme hivyo, anauza klipu. Injinia akaongeza kwamba harufu ya petroli ni nzuri safarini, dereva hasinzii, na mtoto akiizoea mapema hatawahi kushikwa na homa.

Nikamfunika Awiti pua kwa leso.

Okinyi alipomaliza alirudisha waya wa betri, akawasha. Injini ikashika mara moja, sauti ile ile ya Mzee akirudi jioni. Tukachungulia kwenye boneti, kila kiungo kikavu. Akazima. Nikasema moyoni, asante Mungu, tutafika.

Hapo ndipo alipofika shangazi Peres, dada yake Mzee, kutoka Waithaka, na begi la safari. Akaenda kuliweka nyuma ya pikapu, akasimama, akainua kiatu, akatazama chini.

— Na hii petroli ya huku inatoka wapi?

Okinyi akalala chini, akaingiza mkono juu ya tangi, pale mpira unapotokea, palipobanwa na sakafu ile ile ambayo jeneza lilikuwa lilazwe. Vidole vilirudi vyeusi vimelowa. Alikuwa amepima mipira ya mbele tu, ile unayoiona ukifungua boneti, na wa nyuma haufikiki mpaka tangi lishushwe.

Injinia akaweka kikombe chake chini.

— Funga hapo na blada ya baiskeli, bana. Ifike tu.

— Ifike na nani ndani? shangazi akauliza.

Alimuuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua. Injinia akaniangalia mimi na Awiti. Okinyi bado alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, na nikasikia analia, mtu ambaye tangu Mzee afe hakuwa amelia mbele yangu.

— Mzee ataenda na gari ya watu, akasema kutoka huko chini.

Nilitaka kumwambia si kosa lake, na nilitaka kumshukuru, yote kwa pamoja. Kamishna akainuka, akasogea pembeni na simu, akaanza kutafuta mwenye gari, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: jeneza moja, mama wawili, mwanamume mmoja na mtoto mchanga.

Okinyi akatoka, akafungua tena waya wa betri, kisha akaketi kwenye kiti cha baba yake, mlango wazi, mikono juu ya usukani. Shangazi Peres akazunguka, akapanda upande niliopangiwa mimi, akaketi karibu naye. Hakuna aliyewaambia washuke.