Marehemu Jecha Duni: Aliyeitafuta Leseni ya Baruti, Akairudisha kwa Mkono Wake

Assalamu alaykum. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa Jecha na aliyemchukua. Mimi ni Nyange Duni, mdogo wake wa tumbo moja. Wazee wamenitaka niyaeleze maisha yake kabla ya dua ya kufunga hitima, na kama nitasita katikati mtanisamehe.

Marehemu Jecha Duni Silima alizaliwa Kiuyu mwaka 1908, mtoto wa kwanza wa Mzee Duni Silima na Bi Bimkubwa Ngwali. Kiuyu ni nchi ya mawe. Ukipiga jembe, jembe linakurudia. Mama yetu alikuwa akifuata maji mbali, na aliyoyapata yalikuwa ya munyu, hata kunde hayaivishi. Tulikulia maji hayo, na Jecha aliyachukia tangu udogo wake.

Alisoma chuoni kwa Mwalim Shaame Pandu hapo hapo Kiuyu, akahitimu juzuu zote, kisha akapelekwa skuli ya serikali Wete alikosoma hadi darasa la nne. Waliosoma naye walikuwa wakimcheka kwa jambo moja: alikuwa mwoga wa moto. Mama akimtuma akoleze jiko, alikuwa akipuliza huku amefumba macho na kichwa kakigeuza pembeni. Hakuna aliyedhani kwamba kazi ya mtoto yule itakuja kuwa baruti.

Mwaka 1929 alivuka kwenda Tanga, akaandikwa kazi kwenye machimbo ya mawe. Huko alijifunza kutoboa mwamba, kushindilia baruti na kupima utambi, akapanda mpaka akawa nyapara. Mwaka 1936 alirudi likizo akamuoa Bi Khairiya Othman wa hapa Mtambile, wakaondoka wote. Walirejea moja kwa moja mwaka 1949, baada ya baba yake Bi Khairiya kufariki na kumwachia shamba la mikarafuu. Mungu aliwaruzuku watoto watatu, na nyumba yao haikukosa mgeni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mnalijua nusu nusu. Mwaka 1956 watu wa Kiuyu walitaka kuchimba visima, lakini mwamba uliwashinda. Baruti ilikuwa ikitoka bara kwa meli, na ikifika hupewa kwanza wajenzi wa barabara. Jecha akaona aitengeneze hapa. Shura, ile chumvi ya baruti, na kiberiti cha unga angeviagiza, makaa tunayo. Jamaa wakamwambia, "Twanga tu, yakhe, nani atajua?"

Akawajibu, "Atakayejua ni jirani yangu, siku paa lake litakaporuka."

Basi akaenda Chake Chake kuomba leseni, na huko akaelezwa masharti. Nyumba ya kutengenezea iwe mbali na ghala, na zote mbili ziwe mbali na majumba, njia na msikiti. Ukuta uwe mnene na paa liwe jepesi, ili msiba ukitokea nguvu iende juu isiende kwa watu. Chuma kisiingie ndani, vyombo viwe vya mti na shaba, na anayeingia avue viatu, aache tumbaku na kiberiti nje. Mwenye leseni ajaribiwe kazi na injinia. Majirani watangaziwe, na mwenye pingamizi asikilizwe. Wengine wangekata tamaa palepale. Jecha alirudi amefurahi, akaniambia, "Nyange, aliyeandika masharti haya naye ni mwoga wa moto."

Palipofaa palikuwa pahali pamoja tu, ndani ya shamba la Bi Khairiya. Afisa alikuja akapima, akasema miti ya upande ule iondoke yote, uwanja ubaki mtupu. Siku ile nilikuwapo barazani. Kaka alizunguka sana kabla ya kusema.

"Khairiya, afisa kasema mikarafuu ikatwe."

"Ipi?"

"Ile safu ya baba yako."

Bi Khairiya aliutazama upande wa safu ile. Kisha akasema, "Baba kaipanda tupate kula. Na wa Kiuyu nao wapate kunywa. Kata." Akaingia jikoni, na nilimsikia akilia. Shemeji, najua unanisikia huko nyuma ya pazia. Leo nakushukuru mbele ya watu, kwa sababu wakati ule hatukukushukuru ipasavyo.

Tangazo likabandikwa kwa sheha, na pingamizi likatoka kwa jirani yetu Bi Mwatum. Mume wake, Mungu amrehemu, aliungua akafa zamani alipokuwa akitwanga baruti ya kufyatulia harusini. Tuliitwa sote mbele ya mudiri, na Bi Mwatum akasimama.

"Bwana Mudiri, mie simchukii Jecha. Mwanamume mwema. Lakini nyumba yangu haiko mbali naye, na mume wangu pia alikuwa akiambiwa mjuzi."

Mudiri akamgeukia marehemu ajitetee. Sisi tuliokwenda kumuunga mkono tulikaa tayari kushinda, maana pale pamepimwa na injinia kesharidhika. Jecha akainuka, akasema, "Bi Mwatum kasema kweli. Kwangu mie, leseni isitoke mpaka yeye atakaporidhika." Akaketi.

Tulirudi nyumbani tumemkasirikia. Kiangazi kile chote alikuwa akijenga boma la udongo upande wa nyumba ya Bi Mwatum, refu kupita ukuta wenyewe wa nyumba ya baruti, jambo ambalo hakuna sharti lililomtaka alifanye. Lilipokwisha, alimwomba mama huyo aje aangalie. Akaja. Mlangoni alivua viatu kabla hajaambiwa, akaingia, akashika vile vyombo vya mti kimoja kimoja.

"Na weye usipokuwapo, nani atawazuia wenzio wasifanye mzaha humu?"

"Nisipokuwapo hapafunguliwi. Ufunguo hautoki shingoni kwangu."

Wiki ile ile Bi Mwatum alikwenda mwenyewe kwa mudiri kuondoa pingamizi lake, na tarehe 11 Agosti 1958 leseni ikatoka kwa jina la Jecha Duni Silima.

Kisima cha kwanza cha Kiuyu kilifika maji mwanzoni mwa 1959. Mwamba uliokuwa ukivunja mitarimbo uliachia kwa miripuko michache. Mama yetu, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kufifia, alipelekewa kata ya kwanza ya maji. Akanywa, akayatema kidogo, akauliza, "Haya maji mbona hayana ladha?" Maskini, hakuwa amewahi kunywa maji yasiyo na munyu. Watu walicheka, na Jecha alicheka mpaka akafuta machozi. Mama alifariki mwaka uliofuata. Namshukuru Mungu kwa kata ile.

Kisima cha pili kilifuata, na cha tatu kikaanzwa. Ndipo ukaja ule mwaka wa 1961, wa uchaguzi na fujo. Sina haja ya kuwakumbusha. Watu waligawana maduka, wakagawana hata kuzikana. Wakaja wanaume kwa marehemu, na baadhi yao ni wa damu yetu.

"Tupe kidogo tu, Jecha. Kopo moja."

"Ya nini?"

"Ya kujilinda."

"Leseni yangu imeandikwa mawe. Haikuandikwa watu."

Wakamwambia ni msaliti, hana upande. Siku chache baadaye aliikuta kufuli ya ghala imekwaruzwa, mtu kajaribu kuifungua. Aliitazama, akawaita wenzake aliokuwa akifanya nao kazi, wakaitoa baruti yote wakaimwagia maji mpaka ikawa tope jeusi, wakaitawanya. Kisha akavaa kanzu, akachukua leseni, akaenda Chake Chake. Nilimfuata njiani, nikamwambia asifanye hivyo, kisima cha tatu hakijafika hata nusu, na leseni ile ameihangaikia miaka miwili.

Akasema, "Sharti kubwa kuliko yote, Nyange, ni kwamba baruti isitoke mkononi mwangu ikaingia mkononi mwa mwingine. Leo siwezi tena kuliahidi hilo."

Afisa naye alimbembeleza, akasema wataleta askari wa kulinda ghala. Kaka akamjibu kwa adabu, "Bwana, ikifika pa kuhitaji bunduki kuilinda, imeshanishinda," akaiweka leseni juu ya meza. Najua ilimuuma.

Mwaka ule ulipita. Kwengine watu walizika vijana wao; hapa kwetu hatukumzika mtu kwa baruti ya Jecha. Mmoja wa wale waliomwita msaliti alikuja baadaye akamshika mkono. Wengine hawakuja mpaka leo, na marehemu alikwisha kuwasamehe. Aliniagiza niliseme hilo hapa, nami nimelisema.

Kisima cha tatu alikimaliza kwa nyundo na mtarimbo, akishuka ndani na watu wa Kiuyu, mpaka maji yakapatikana mwezi wa Novemba mwaka jana. Wakati huo kifua kilikuwa kimekwisha kumshika. Vumbi la mawe la miaka mingi, alisema daktari. Alilazwa hospitali ya Mkoani mwezi wa Januari, akaomba arudishwe nyumbani afunge japo siku chache za Ramadhani na watu wake. Bi Khairiya na binti yake Mwanabaraka walimuuguza bila kuchoka. Bi Mwatum alikuwa akileta uji kila asubuhi. Alifariki Jumatano, tarehe 6 Machi 1963, mwezi wa Mfunguo Mosi, baada ya sala ya alasiri, ulimi wake ukiwa na shahada, na jana Alhamisi tukamzika hapa Mtambile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mkoani, masheikh waliomsalia, watu wa Kiuyu waliokuja kwa miguu na kwa gari, na kila aliyemtupia udongo.

Marehemu ameacha mjane, Bi Khairiya Othman, watoto watatu, Mwanabaraka, Othman na Tatu, wajukuu watano, na ndugu wawili, mimi na Bi Mwanawema. Ameacha pia wanaume wanne waliofanya naye kazi katika nyumba ile ya baruti tangu ilipofunguliwa hadi ilipofungwa. Wamekaa pale safu ya mbele. Kila mmoja wao ana macho yake yote mawili, na vidole vyake vyote kumi. Na kwa vidole hivyo ndivyo walivyolibeba jana jeneza lake.

Ewe Mola, mja wako alikuwa akiwachelea wenzake kuliko nafsi yake. Mpe kaburi la nafasi na nuru, umpumzishe kwa amani. Amin.