Sauti ya Jogoo wa Mama Zipora

Kwenye kona ya mashine ya kusaga, mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, kuna benchi la banzi la paini ambalo halijawahi kupigwa randa. Wanaolikalia ndio waliolilainisha kwa suruali zao. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, Fidelia, muuza kahawa, huwasha jiko lake la mkaa, akabandika birika la kahawa ya tangawizi, na wenye benchi wakaanza kujikusanya, makoti yamefungwa hadi kidevuni. Lenard wanamwita Makambako, kwa sababu aliishi kule miaka mingi akiendesha malori ya mahindi, na kwa maelezo yake hakuna kitu chini ya jua ambacho Makambako hakikuwa bora zaidi. Enoki ni Nukta, maana kila akisema jambo humalizia kwa neno hilo, kisha anaendelea. Odilo, ambaye habari hii ni yake, hana jina la utani. Wanamwita Baba Zipora, kwa jina la binti yake, kama mkewe alivyokuwa akimwita.

Siku hiyo mtaa mzima ulichelewa kuamka. Fidelia alifika moto haujashika na watu wameshajaa. Lenard aliamshwa na jua dirishani, jambo aliloliona kama la aibu kwa mtu aliyewahi kuwa dereva. Odilo alikuja wa mwisho, akakaa ukingoni mwa benchi, akakikataa kikombe.

— Jogoo hajawika, alisema.

Wakamtaka aeleze. Akaeleza kwamba ilianza kwa kupiga chafya, naye akadhani ni vumbi la pumba. Halafu pua zikawa zinatoa maji, jicho moja likavimba hadi likakaribia kufumba, na sasa anapovuta pumzi anakoroma kama pampu ya baiskeli iliyochakaa, shingo ameinyoosha, mdomo wazi. Anadonoa mahindi mawili matatu, anaacha, anakaa amejikunyata.

Kila mmoja pale benchini alijua yule si jogoo tu.

Odilo alipomwoa Dorkasi, ndiye Mama Zipora, huko kijijini Kitandililo, mama mkwe alimpa binti yake tetea mmoja mwekundu, akamwambia nyumba isiyo na kuku haina mgeni. Odilo alipopata kazi kwenye kiwanda cha mbao, wakahamia Njombe, na Dorkasi alisafiri juu ya lori la mahindi amempakata yule tetea ndani ya kitenge. Kuku wote waliofuata katika ua wao walikuwa wa ukoo huo. Waliuzwa, wakachinjwa sikukuu, wakapewa wageni, wakaanguliwa wengine. Dorkasi alipofariki aliacha banda limejaa. Mwaka uliofuata mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita mtaani ukafagia, akabaki huyu mmoja. Odilo hakutafuta wengine. Alimhamishia jogoo kwenye jiko la zamani la mkewe, kile chumba cha matofali nyuma ya nyumba, akamtandikia maranda ya mbao, akaziba dirisha kwa magunia asipigwe na baridi.

Nukta alikuwa wa kwanza kutoa hukumu.

— Jogoo wa shamba hawiki mjini. Wazee walishamaliza. Huyu asili yake Kitandililo. Nukta.

Lenard alimkumbusha kwamba jogoo huyo ameanguliwa hapahapa Ramadhani na amekuwa akiwika hapahapa. Nukta akajibu kwamba methali haina haraka, huwa inasubiri. Alipofika kikombe cha pili alikuwa ameshahamia kwenye mnara wa simu uliosimikwa mwaka jana nyuma ya soko. Kwa maelezo yake, jogoo anawika kama kawaida, ila mnara unaimeza sauti kabla haijafika mtaani, na pengine wakati huu inalia kwenye simu ya mtu huko Dodoma.

Lenard alicheka, kisha akatoa ya kwake, nayo haikuwa na nafuu. Ugonjwa ni ukungu, alisema. Njombe ukungu unakaa, Makambako upepo haukai. Hakuna jogoo wa Makambako aliyewahi kukoroma, maana upepo wa kule unampiga kifuani tangu kifaranga. Dawa ni kumpakia kwenye gari, kumsimamisha pale njia panda ameelekea upepo unakotoka, na kumrudisha jioni.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alimalizia, na jogoo miguu yenyewe anayo miwili tu.

Zikafuata dawa. Pilipili kichaa kwenye maji. Vitunguu swaumu. Mwarobaini, ambao Lenard aliusifu mpaka akakumbushwa kwamba kwa baridi ya hapa hauoti. Kijiko cha ile pombe ya mianzi, ulanzi, uliochacha, ambao Nukta aliapa kwamba ulimrudishia sauti mjomba wake, ingawa ilibainika mjomba huyo alikuwa amelewa tu na akaanza kuimba. Odilo alisikiliza yote bila kuchagua. Mtu akiwa na hofu hata upuuzi huusikiliza kwa makini.

Ndipo Nukta aliposhusha sauti na kusema kwamba dawa ya moto ni moto, na dawa ya kifua ni mafuta ya taa. Uchukue unyoya, uuchovye, uupitishe kooni mara moja. Alisema bibi yake alifanya hivyo. Hakusema yule kuku aliishia wapi.

Odilo aliinuka akaenda kwake bila kuaga. Aliporudi alikuwa na unyoya mkononi, na kibatari ambacho hakijawashwa tangu umeme ulipoingia mtaani. Alitaka Nukta amwonyeshe vizuri asije akakosea. Fidelia aliacha kumimina kahawa.

— Baba Zipora, wewe ukikohoa, tukutie mafuta ya taa?

Odilo alikiweka kibatari chini, Fidelia akaendelea.

— Mama Zipora angekubali?

Odilo aliutazama unyoya. Ulikuwa wa jogoo mwenyewe, mwekundu wenye ncha nyeusi, alikuwa ameuokota pembeni ya maranda. Akaketi, akauweka juu ya goti. Alisema, kwa sauti ambayo wenzake hawakuizoea, kwamba hajui afanye nini, na kwamba asubuhi ile alipoamka palikuwa kimya akadhani ni yeye aliyekufa.

Fidelia alitoa simu kwenye mfuko wa aproni, akampigia Feliciana, afisa mifugo wa kata, ambaye huimba naye kwaya moja kanisani.

Feliciana alikuja kabla ya saa sita, amevaa buti za mpira na sweta la kufuma. Alimsalimu Odilo kwa heshima, akaomba kumwona mgonjwa. Benchi zima likamfuata hadi uani, hata Fidelia, aliyeacha birika lake chini ya ulinzi wa mwenye mashine. Feliciana alimshika jogoo chini ya mabawa, akamfungua mdomo, akalitazama koo, akamnusa puani na kukunja uso. Akabonyeza ule uvimbe chini ya jicho. Aliuliza kama ana kinyesi cha kijani, kama shingo inapinda, kama kuna kuku wengine waliokufa jirani. Hakuna. Akasema basi haoni dalili za mdondo. Anaona mafua ya kuku, yamekaa, lakini hayajamshinda.

— Analala wapi, baba?

Odilo akamfungulia mlango wa jiko la zamani. Feliciana aliingia, na mara ile akatoka akipangusa macho. Harufu ya kinyesi iliyofungiwa humo ilichoma kama kitunguu. Maranda yalikuwa yamelowa, na magunia ya dirishani yalikuwa yameota ukungu mweupe.

Alisema polepole, si kwa kulaumu. Baridi kuku anaivumilia, ana manyoya. Asichovumilia ni hewa hii. Inamchubua koo na mapafu, halafu ugonjwa unapata mlango. Alimwandikia dawa ya kuchanganya na maji ya kunywa, akamwonyesha namna ya kumsafisha jicho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Akamwambia maranda yote yatolewe, yawekwe makavu, dirisha lifunguliwe, na asimletee kuku wengine karibu, maana hata akipona anaweza kubaki na vimelea akawaambukiza.

— Na sauti? aliuliza Odilo.

— Sauti siahidi, baba. Koo limeumia. Tumpe muda.

Alipoondoka, walibaki wamesimama mbele ya lile jiko. Lenard na Nukta walivua makoti wakaanza kuzoa maranda kwa sepetu, wakigombana nani anamwagia mwenzake. Dirisha waliliacha. Lile Odilo alilishika mwenyewe. Alichomoa gunia moja, akachomoa la pili, kisha akasukuma ubao ambao haukuwa umesukumwa tangu wiki ya msiba. Mwanga uliingia ukatua juu ya mafiga. Ukutani masizi yalikuwa yaleyale, na palipokuwa panawekwa sufuria palikuwa bado pana duara safi. Odilo alisimama hapo kwa muda, mkono uko kwenye ubao. Kwa miezi yote hiyo alidhani amekihifadhi chumba. Alipotoka alimwambia Lenard, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Dorkasi alikuwa halifungi dirisha hili hata mwezi wa saba kwenye baridi ya sakitu.

Zikaja asubuhi za kusubiri. Jogoo alikunywa dawa yake, jicho likaanza kufumbuka, mkoromo ukapungua, akarudia kudonoa. Lakini hakuwika. Na kwa vile palikuwa kimya, benchi likajikuta linazungumza habari za majogoo wa zamani, kila mtu na ya kwake.

Nukta, ambaye amezaliwa Iwawa huko Makete, alisimulia jinsi mama yake, jogoo wa kwanza alipowika, alivyofukua viazi kwenye majivu ya jana, akamfungia viwili kwenye shuka aende navyo shule, kimoja mkono huu, kingine mkono ule, si kwa kula bali kwa kupasha vidole. Vililiwa vikishapoa, langoni mwa shule. Alipofika hapo hakusema nukta. Lenard alisema madereva walikuwa wakilala ndani ya malori kando ya barabara Makambako, na majogoo wa nyumba za jirani ndio waliowaamsha kwa zamu, na kwamba siku hizi akipita hapo usiku husikia honi tu. Kwa mara ya kwanza Makambako palikuwa pamepungukiwa na kitu. Fidelia aliwamiminia bila kuulizwa.

Odilo alisimulia kidogo. Alisema Dorkasi hakuwahi kuwa na saa. Jogoo akiwika alikuwa akisema, "Ameita," kisha anaamka.

Ilikuwa siku ya gulio, ukungu mzito, waliposikia kitu kutoka uani kwa Odilo, ng'ambo ya ukuta. Kilikuwa kifupi, kimekwaruza, kimekatikia katikati kama mlango wenye bawaba mbovu. Nukta akasema ni mashine ya kusaga. Mwenye mashine akasema hajawasha. Kikaja tena. Odilo alisimama, akachungulia juu ya ukuta, na wote wakamwona jogoo juu ya dirisha la jiko la zamani, kifua mbele, jicho limefumbuka.

— Ndiye, alisema Odilo.

Walipeana mikono kama watu waliopata mtoto. Lenard akadai ni upepo wa Makambako uliokuja kumtembelea. Nukta akadai methali imeshindwa kwa rufaa. Kisha wakaanza kulalamika kwamba sauti siyo ile. Ile ya zamani ilikuwa sauti, walisema. Ilikuwa inavuka hadi ng'ambo ya bonde. Watoto wa leo hawatasikia jogoo kama yule.

Wakati huo Erica, binti aliyehamia karibuni chumba cha jirani, anayepokea viazi kutoka Makete na kuvipeleka sokoni, alikuwa amesimama akinunua kahawa. Aliwapa shikamoo, akasikiliza, kisha akauliza kwa adabu:

— Kwani zamani aliwikaje?

Lenard alicheka kwa wepesi wa swali. Akarudisha kichwa nyuma, akatoa sauti, akaikatisha. Alisema hiyo ni ya Makambako. Nukta alijaribu, akaanzia juu. Fidelia akasema hapana, ilikuwa inaanzia chini. Fidelia naye akajaribu taratibu, kitambaa mdomoni, akatikisa kichwa mwenyewe. Wote watatu wakamgeukia Odilo.

Odilo aliweka kikombe chini. Alikuwa ameisikia kila alfajiri. Akaitafuta. Kilichokuja kilikuwa godoro kuinuka upande wa dirisha, miguu ikipapasa ndala kwenye sakafu ya saruji, kiberiti, wimbo wa kwaya unaoimbwa nusu sauti ili asiamshwe mtu, mfuniko wa sufuria. Hivyo vyote vilikuwepo, kwa mpangilio wake, vimekaa wazi kabisa. Akarudi nyuma kidogo, mahali ambapo jogoo alipaswa kuwa, kabla godoro halijainuka. Hapo palikuwa kimya.

— Sikumbuki, mwanangu, alisema.

Erica aliona kama ameuliza vibaya, akaanza kuomba radhi. Odilo akamwambia hapana, asiwe na wasiwasi, akasogea kwenye benchi ampishe. Fidelia aliinamisha birika juu ya kikombe cha binti. Likatoka tone, na vipande vya tangawizi.

Huko dirishani jogoo akajikung'uta, akanyoosha shingo, akawika tena kwa ile sauti yake mpya iliyokwaruza. Safari hii walisikiliza mpaka mwisho.