Farquhar Mutch, Seremala Aliyepiga Kura ya Kuuza Kanisa

Baba yetu, Farquhar Mutch, tunayemzika leo kando ya mkewe, alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 hapa Portcairnie, mtoto wa tatu wa mvuvi Alexander Mutch na Jessie. Alibatizwa wiki sita baadaye katika kanisa hilo lililo nyuma yenu, ambalo leo ni kiwanda cha wiski na mkahawa.

Alisoma shule ya kijijini hadi mwaka 1959. Mwalimu alitaka aendelee na masomo, lakini katika mtihani wa hesabu marehemu aliona dawati lake linayumba, akalitengeneza hadi muda ukaisha. Mwaka huohuo alikwenda mji wa Banff kujifunza useremala, na kazi hiyo akaifanya miaka hamsini na sita. Wengi wenu mkirudi nyumbani leo mtafungua milango aliyoitengeneza yeye.

Tarehe 18 Juni 1969 alimwoa Elspet Watt, katika kanisa hilohilo. Walijaliwa watoto wawili: mimi Rhona, ninayesoma wasifu huu, na Sandy. Mwaka 1981 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa.

Oktoba 2012 wazee tisa walikutana. Jumapili tulikuwa tumebaki watu kumi na wanne, na paa lilivuja juu ya mimbari. Catriona Leith, aliyeko nasi hapa, aliomba kulinunua jengo alifanye kiwanda na mkahawa. Wazee wanne walikubali, wanne wakakataa. Baba akasema wa mwisho, kwamba afadhali lisimame likiwa na watu ndani kuliko lianguke tupu. Likauzwa. Alipofika nyumbani kumweleza mama, mama alikuwa anaosha vyombo, na hakugeuka.

"Farquhar," alisema, "mimi nilitaka siku yangu ikifika nitolewe kwa mlango ule."

Hawakulizungumza tena.

Mama alifariki tarehe 9 Januari 2015. Wiki hiyo mafundi walikuwa wakifunga mitambo ya shaba ya kukenekea wiski pale ilipokuwa mimbari. Tulimuaga kwenye ukumbi wa shule, chini ya michoro ya watoto. Mwezi uliofuata Catriona alimpa baba kazi ya kugeuza mabenchi ya kanisa kuwa meza za mkahawa. Siku moja, wakinywa chai, akamuuliza kwa nini hakuja kuomba nafasi ya ibada ya mama.

"Mafundi ningewasimamisha siku nzima, mzee. Ungeniambia tu."

"Niliona haya," baba alimjibu. "Nimeliuza mwenyewe, halafu nije kuliomba?"

Alimaliza meza kumi na nane, akafunga sanduku la zana zake, na hakushika tena kazi ya mbao.

Aliingia mkahawani humo kula mara moja tu, Mei 2016. Supu ya samaki wa moshi ilipoletwa, alisimama, akavua kofia, akashukuru kwa ajili ya chakula kwa sauti ileile aliyozoea kuitoa Jumapili. Wageni wakaweka vijiko chini. Mtu wa meza ya jirani akaitikia amina. Baba akakaa, akanywa vijiko vitatu.

"Nipeleke nyumbani, Rhona," akaniambia. "Wamepapendezesha. Hilo ndilo linaloniuma."

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2022. Alifariki nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Siku mbili kabla, nilimuuliza kama angepewa ile kura tena angefanyaje.

"Ningepiga ileile," alisema. "Ila kwanza ningekwenda nyumbani nikamuulize mama yako. Catriona msimlaumu. Liandike hilo, wala usinipambe."

Nimeliandika kama alivyolisema.

Ameacha dada mmoja, Williamina. Watoto wawili, Rhona na Sandy. Na wajukuu watatu, Iona, Gregor na Elspet mdogo. Bwana ampokee baba yetu, na ampe utulivu alioukosa hapa kwetu karibu miaka tisa.